Ruta Huamkaje? Dakika Chache za Subira Zinazookoa Siku Nzima

Umeme unaporejea baada ya kupotea, taa ya ruta huwaka papo hapo, lakini intaneti haiji papo hapo. Katika zahanati, afisi za wadi, shule, saiba na majumbani, ni katika pengo hilo la dakika mbili tatu ambapo tatizo dogo hugeuzwa kuwa kubwa. Mmoja huchomoa waya na kuurudisha mara tatu mfululizo. Mwingine hutafuta pini na kubonyeza kitufe kidogo kilichofichwa nyuma ya kifaa. Wa tatu hutangaza kwamba mtandao umeharibika na kuwaambia waliopanga foleni warudi kesho.

Mara nyingi ruta huwa haijaharibika. Huwa inaamka tu. Ruta ni kompyuta, na kama ilivyo kwa kompyuta yoyote, haiwezi kufanya kazi kabla ya kujikagua, kuitafuta programu yake, kuipakia na kusoma mipangilio iliyoachiwa na fundi. Makala haya yanaeleza hatua hizo moja baada ya nyingine, mahali ambapo kila hatua inaweza kukwama, na jambo linalofaa kufanywa.

Somo hili si la mafundi pekee. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, usajili wa mgonjwa huthibitishwa kupitia mtandao. Mwanafunzi huomba nafasi ya chuo katika tovuti ya KUCCPS. Mfanyabiashara hulipia leseni kwa simu au kompyuta, na anayetafuta cheti huingia eCitizen. Ruta ya kituo ikikwama saa mbili asubuhi, wanaoumia ni watu walioamka alfajiri na kulipa nauli ili wahudumiwe.

Ruta ni kifaa gani?

Ruta ni kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, na kuamua kila kifurushi cha data kipitie njia ipi. Upande mmoja kuna mtandao wa ndani: kompyuta, simu na printa za afisi au nyumba. Upande wa pili kuna mtandao wa kampuni inayouza intaneti. Ruta nyingi za nyumbani hutoa pia waifai, na kwa waliounganishwa kwa faiba, mara nyingi kifaa hicho hicho ndicho kinachopokea mwanga unaopita ndani ya waya na kuugeuza kuwa data.

Ndani ya boksi hilo la plastiki kuna prosesa, kumbukumbu za aina kadhaa na programu. Kinachokosekana ni skrini na kibodi. Ndiyo maana mtu hawezi kuona kinachoendelea ruta inapoamka, na ndiyo maana taa zake ndogo zinastahili kutazamwa kwa makini. Taa hizo ndizo mdomo wake.

Kama shule inavyofunguliwa asubuhi

Njia rahisi ya kuelewa yanayotendeka ni kufikiria shule ya msingi alfajiri. Bawabu ndiye wa kwanza kuwa kazini. Yeye hafundishi. Kazi yake ni kukagua milango na madirisha, kufungua lango na kuhakikisha mwalimu mkuu ameingia. Mwalimu mkuu naye hutazama ratiba: nani anafundisha nini, darasa lipi, saa ngapi. Kisha masomo huanza na walimu huandika ubaoni. Jioni ubao hufutwa, lakini vitabu vya kabatini na ratiba iliyo katika daftari husalia.

Ruta nayo imegawa kumbukumbu zake kwa namna hiyo.

Ya kwanza ni ROM. Maandishi yake hayapotei umeme unapokatika, na ndani yake hukaa programu kianzishi, yaani bawabu. Katika ruta nyingi za nyumbani, programu hiyo haina chipu yake peke yake bali imetengewa sehemu ndani ya kumbukumbu ya pili.

Kumbukumbu ya pili ni flashi. Hii ndiyo kabati ya vitabu. Hapa hukaa mfumo endeshi wa ruta, ambao ni programu kubwa inayojua kupeleka data, kuzuia wavamizi na kuendesha waifai. Flashi haifutiki umeme unapopotea.

Ya tatu ni mahali pa kuhifadhia mipangilio: jina la waifai, nywila, na namna ya kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti. Katika ruta za afisi kubwa mahali hapo huitwa NVRAM. Hili ndilo daftari la ratiba.

Ya nne ni RAM. Huu ndio ubao. Ruta hufanyia kazi zake zote hapa kwa sababu ni kumbukumbu yenye kasi kubwa, lakini umeme ukikatika kila kilichoandikwa hufutika. Kwa hiyo kila ruta inapowashwa, ubao huwa mtupu, na ni lazima uandikwe upya kutoka kwa kabati na daftari. Muda unaotumika kuuandika ndio muda ambao watu husubiri.

Hatua sita za kuamka

Hatua ya kwanza ni kujikagua. Umeme ukifika, prosesa huendesha majaribio mafupi ili kujua kama kumbukumbu zinasomeka na kama milango ya waya inaitika. Kasoro kubwa ikipatikana hapa, ruta huishia hapo hapo. Taa ya umeme inaweza kuwaka, lakini hakuna taa nyingine itakayofuata.

Hatua ya pili ni ya bawabu. Programu kianzishi huchukua usukani. Katika ruta nyingi za nyumbani, programu inayotumika huitwa U-Boot. Ni ndogo sana ikilinganishwa na mfumo endeshi, na haijui lolote kuhusu waifai wala nywila. Kazi yake ni moja: kuutafuta mfumo endeshi na kuuamsha.

Hatua ya tatu ni utafutaji wenyewe. Ruta za Cisco, ambazo zimeenea sana katika afisi kubwa, zinaonyesha vizuri jinsi utafutaji huu unavyopangwa. Ndani ya ruta hizo kuna nambari maalumu inayoiambia programu kianzishi la kufanya. Nambari ya kawaida ni 0x2102, na maana yake ni kwamba ruta ianze kwa njia ya kawaida na kusoma mipangilio iliyohifadhiwa. Ikiwa fundi ameandika katika mipangilio ni faili gani itumike, ruta huifuata amri hiyo. Ikiwa hakuandika, hutazama flashi na kuchukua faili ya kwanza inayofaa. Flashi ikiwa tupu, inaweza kujaribu kuuomba mfumo endeshi kutoka kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Yote yakishindikana, huingia katika hali ya dharura iitwayo ROMMON, na hapo hukaa kumngoja fundi.

Hatua ya nne ni kuufungua mfumo endeshi na kuupakia. Kwa kuwa flashi ya ruta nyingi ni ndogo, mfumo endeshi huhifadhiwa ukiwa umebanwa, kama nguo zilizokunjwa na kushindiliwa ndani ya sanduku. Kabla ya kutumika, ni lazima ukunjuliwe ndani ya RAM. Programu kianzishi kwa kawaida pia hupiga hesabu ya uhakiki ili kujua kama faili iko kamili. Ikipungua hata sehemu ndogo, hesabu haitalingana na ruta itakataa kuendelea. Hatua hii ni miongoni mwa zile zinazochukua muda mrefu zaidi, na wakati huo taa zinaweza kuonekana kana kwamba zimeganda.

Hatua ya tano ni kusoma mipangilio. Mfumo endeshi ukishaamka, hufungua daftari la ratiba na kutekeleza kilichoandikwa. Ikiwa daftari ni tupu, ruta ya nyumbani hutumia mipangilio ya kiwandani. Ruta kubwa ya afisi huanza kumuuliza fundi maswali kana kwamba ndiyo kwanza imetolewa katoni.

Hatua ya sita ni kubisha hodi kwa kampuni ya intaneti. Ruta hujitambulisha, wakati mwingine kwa jina na nywila ambazo mteja hajawahi kuziona, kisha hupewa anwani ya IP. Ni baada ya hapo tu ndipo simu na kompyuta zinaweza kufungua kurasa za mtandao. Hii ndiyo sababu mtu huliona jina la waifai kwenye simu yake, akaunganishwa, na bado akaambiwa hakuna intaneti. Hatua tano zimekamilika, na ya sita bado.

Kwa ruta ya kawaida ya nyumbani, safari yote huchukua takriban dakika moja hadi tatu. Ruta kubwa za afisi zinaweza kuchukua dakika tano au zaidi. Umeme unaporejea baada ya kupotea katika eneo kubwa, kama ilivyotokea Agosti 25, 2023, ambapo sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, ruta nyingi mno hubisha hodi kwa wakati mmoja. Hatua ya sita basi inaweza kuchelewa hata kama kifaa cha mteja ni kizima kabisa.

Ratiba iliyobaki ubaoni

Liko kosa moja la kiufundi ambalo huumiza afisi bila mtu kuligundua kwa miezi. Fundi anapobadilisha mipangilio ya ruta kubwa, mabadiliko huanza kufanya kazi mara moja, lakini huwa yameandikwa katika RAM pekee. Ni sawa na mwalimu mkuu kubadilisha ratiba kwa chaki ubaoni na kusahau kuinakili katika daftari. Kila kitu huenda vizuri hadi umeme unapopotea. Ruta inapoamka husoma ratiba ya zamani, na vituo vilivyounganishwa mwaka huu hupotea kwenye mtandao.

Katika ruta za Cisco, mipangilio inayotumika sasa na ile itakayosomwa ruta ikiwashwa ni faili mbili tofauti, na fundi hulazimika kutoa amri ya kunakili ya kwanza juu ya pili. Kosa linalofanana na hilo huhusu nambari iliyotajwa hapo juu. Nywila inaposahaulika, mafundi huibadilisha nambari kuwa 0x2142 ili ruta iamke bila kusoma daftari, kisha huingia na kuweka nywila mpya. Fundi akisahau kuirejesha 0x2102, ruta itafanya kazi vyema siku hiyo. Ikizimika tu, itaamka kama kifaa kipya kisichojua lolote.

Ndiyo maana kila mkuu wa kituo anaweza kumuuliza fundi swali moja kabla ya kutia sahihi kwamba kazi imekamilika: je, mipangilio imehifadhiwa, na ruta imezimwa na kuwashwa ili kuthibitisha? Swali hilo halihitaji ujuzi wa kompyuta. Jibu lake huonekana kwa macho ndani ya dakika chache, fundi akiwa bado yupo.

Programu inaposasishwa

Watengenezaji wa ruta hutoa matoleo mapya ya mfumo endeshi ili kuziba mianya ya usalama na kurekebisha kasoro. Wakati wa kusasisha, toleo la zamani lililo ndani ya flashi hufutwa na jipya likaandikwa mahali pake. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za intaneti husasishwa na kampuni yenyewe kutoka mbali, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa usiku ili isiwasumbue wateja.

Hizo ndizo dakika ambazo umeme haufai kukatizwa. Ukikatika wakati nusu ya toleo jipya imeandikwa, ruta itakapowashwa bawabu atafungua lango na kukosa mwalimu mkuu: hesabu ya uhakiki haitalingana, na kifaa hakitaamka. Baadhi ya ruta hujikinga kwa kuwa na nafasi mbili za mfumo endeshi, ili toleo la zamani libaki salama mpaka jipya litakapothibitishwa. Nyingine zina programu kianzishi inayoweza kupokea mfumo endeshi mpya kutoka kwa kompyuta kwa waya. Ruta ya bei nafuu isiyo na kinga hizo inaweza kugeuka kipande cha plastiki tu.

Tukio moja nchini Marekani linaonyesha uzito wa jambo hili. Kati ya Oktoba 25 na 27, 2023, ruta zaidi ya 600,000 za wateja wa kampuni moja ya intaneti zilizimika katika muda wa saa 72. Watafiti wa usalama wa mitandao walioeleza tukio hilo mwaka wa 2024 walisema programu haribifu ilikuwa imepenyezwa katika vifaa hivyo. Vifaa vilibaki na taa nyekundu na havikuweza kuamka tena. Kuvizima na kuviwasha hakukusaidia. Ilibidi vibadilishwe kimoja kimoja. Prosesa, antena na waya vilikuwa vizima. Kilichoharibika ni ile programu ya ndani ambayo ruta huitafuta kila inapoamka.

Kuzima na kuwasha kunasaidia nini?

Wengi wameambiwa na wahudumu wa simu wazime ruta na kuiwasha, wakadhani ni njia ya kuwaondokea. Ushauri huo una maana, mradi mtu ajue mipaka yake.

Ruta ikikaa muda mrefu bila kuzimwa, RAM inaweza kujaa au programu moja ikaganda. Kuizima hufuta ubao, na kuiwasha huandika upya kila kitu kutoka kwa flashi na daftari la mipangilio. Kosa lililokuwa ndani ya RAM huondoka nalo. Kosa lililo ndani ya flashi au ndani ya mipangilio hurudi vile vile.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwezi Mei 2018. Watafiti walitangaza kwamba programu haribifu iliyopewa jina VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, nyingi zikiwa ruta za nyumbani na za afisi ndogo. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba wenye ruta wazizime na kuziwasha. Sehemu hatari zaidi za programu hiyo zilikuwa zinakaa katika RAM, hivyo zilifutika. Lakini sehemu yake ya kwanza ilikuwa imejificha katika kumbukumbu isiyofutika, na ilirudi kila ruta ilipoamka. Tiba kamili ilikuwa kuirejesha ruta katika hali ya kiwandani, kuisasisha na kubadilisha nywila.

Kwa mkaazi wa kawaida, funzo ni kwamba kuzima na kuwasha ni hatua nzuri ya kwanza. Isiposaidia mara moja au mbili, kurudia mara kumi hakutasaidia.

Kitufe cha pini si cha kuwashia

Nyuma au chini ya ruta nyingi kuna tundu dogo lenye kitufe ndani yake, na pembeni yake pameandikwa RESET. Wengi hudhani kitufe hicho ni cha kuzima na kuwasha. Sivyo. Kikibonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kadhaa, hufuta daftari lote la mipangilio na kuirejesha ruta kama ilivyotoka kiwandani.

Madhara yake ni haya: jina la waifai na nywila yake hupotea, na vifaa vyote vilivyounganishwa hukatika. Ikiwa kampuni ya intaneti hutumia jina na nywila katika hatua ya sita, navyo hupotea, na ruta haitapata intaneti tena mpaka viingizwe upya. Aidha, nywila ya kuingilia ndani ya ruta hurudi kuwa ile ya kiwandani. Kwa baadhi ya ruta nywila hiyo hufanana kwa vifaa vyote vya aina moja, na hivyo yeyote anayeijua anaweza kuingia.

Kitufe hicho kina kazi yake. Hutumika nywila inaposahaulika, au kifaa kinapohamishiwa mtu mwingine, au fundi anaposhuku kwamba kuna uvamizi. Lakini kibonyezwe pale tu ambapo mipangilio imeandikwa mahali salama na yupo anayejua kuirudisha.

Kusoma taa

Rangi za taa hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo kijitabu kilichokuja na kifaa ndicho cha kuaminiwa. Hata hivyo, mpangilio wa jumla unafanana na hatua zilizoelezwa.

Hakuna taa hata moja: umeme haufiki. Tatizo liko kwa soketi, adapta, waya au swichi ya ukutani.

Taa ya umeme inawaka peke yake kwa zaidi ya dakika kumi: ruta imekwama katika hatua za mwanzo, na huenda mfumo endeshi haupatikani.

Taa zote zinawaka, zinazimika pamoja, kisha zinaanza tena bila kikomo: ruta inaamka na kuanguka. Kabla ya kulaumu programu, adapta ichunguzwe kwanza. Adapta iliyochoka, au iliyoazimwa kutoka kwa kifaa kingine, inaweza kutoa umeme wa kutosha kuwasha taa lakini usiotosha kuendesha waifai. Volti za adapta ni lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta, na ampea zisiwe pungufu.

Taa ya waifai inawaka lakini ya intaneti haiwaki: hatua ya sita haijakamilika. Subira ya dakika chache inafaa, kisha kampuni ipigiwe simu.

Taa nyekundu iliyoandikwa LOS, kwa wenye faiba: mwanga haufiki kwenye kifaa. Waya unaweza kuwa umekatika barabarani, umepindwa sana nyuma ya kabati au umechomoka. Kuzima na kuwasha hakuwezi kuunganisha waya uliokatika. Mwisho wa waya huo usitazamwe kwa jicho, kwa maana mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza.

Mambo ya kufanya kituoni na nyumbani

Umeme unapopotea, adapta ya ruta ichomolewe, na irudishwe dakika chache baada ya umeme kurejea na kutulia. Umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza adapta na hata ruta yenyewe.

Ruta inapohitaji kuzimwa na kuwashwa, izimwe kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki ndani yake uishe na RAM ifutike kabisa. Ikiwa kuna vifaa kadhaa, kiwashwe kwanza kile cha faiba, kisha ruta, kisha vinavyoifuata, na kila kimoja kipewe muda wa kuamka. Baada ya hapo isiguswe kwa dakika tano.

Ruta inapoonyesha kwamba inasasishwa, isizimwe kwa sababu yoyote. Kituo kinachohudumia umma kingenufaika na UPS ndogo ya ruta. Vifaa hivyo huuzwa katika maduka ya vifaa vya kompyuta, na cha kuzingatia ni volti zilingane na za ruta.

Karatasi moja iandikwe na kuwekwa kwenye faili iliyofungiwa, si kubandikwa ukutani. Iwe na aina ya ruta, jina la waifai, jina na nywila ya kampuni ya intaneti kama vipo, nambari ya akaunti, nambari ya simu ya huduma kwa wateja, na tarehe ambayo fundi alibadilisha mipangilio mara ya mwisho. Ruta zinazoruhusu kuhifadhi nakala ya mipangilio katika faili zifanyiwe hivyo kila baada ya mabadiliko.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza. Matoleo mapya ya programu yachukuliwe kutoka kwa kampuni ya intaneti au mtengenezaji pekee, si kwa mtu aliyetuma faili kupitia WhatsApp. Anayeshuku kwamba ruta yake imevamiwa anaweza kuripoti kwa KE-CIRT/CC, kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kwa vituo vya umma, mtu mmoja ateuliwe kuwa ndiye pekee anayegusa ruta, na mwingine awe msaidizi wake. Asubuhi umeme unaporejea, mteuliwa huyo awaeleze waliopanga foleni kwamba kifaa kinaamka na kitachukua dakika chache. Zikipita dakika kumi bila taa ya intaneti kuwaka, aandike ni taa zipi zinazowaka na rangi zake, kisha ampigie simu afisa wa TEHAMA anayehudumia eneo hilo. Afisa akisikia maelezo ya taa, atajua ruta imekwama katika hatua ipi, na atakuja na kifaa kinachohitajika.